Vuta, Achia

Kope mpiga picha aliponunua lenzi ya mota, mtaa mzima ulijua kabla mkewe hajajua. Aliipitisha mlango kwa mlango kama mtu aliyepata mapacha. Urefu wake ni kama mkono kutoka kiwiko hadi ngumi, nyeusi, nzito, na ubavuni ina kijiti kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba. Ukikisukuma mbele, picha inakuja karibu. Ukikirudisha nyuma, inakwenda mbali. Ukigusa kwa upole inatambaa, ukikandamiza inaruka, ukiondoa kidole inaganda pale pale ilipofika. Na hiyo mota yenyewe hailii hata kama mbu.

"Ile ya zamani nilikuwa naizungusha kwa mkono kama nakamua nguo," alituambia pale saluni, ambako hana kazi yoyote ila anajua kuna watu. "Picha inayumba mpaka wageni wanataka kutapika. Hii? Namtoa mtu mlangoni namleta mpaka mnahesabu vinyweleo vya pua yake, na mwenyewe hajui kama amesafirishwa."

"Bila nauli," akasema msusi.

"Bila nauli wala ruhusa, dada yangu. Halafu lenzi ndefu inakunja ukumbi kama shuka. Aliyekaa meza ya mbele na aliyekaa kule ukutani, kwenye picha utadhani wanagombania kiti kimoja."

Hilo la shuka tuliliacha lipite. Sisi tulikuwa bado kwenye vinyweleo vya pua, tunapangiana nani aanze kupigwa picha.

Kazi yake kubwa ya kwanza na hiyo lenzi ikawa harusi ya binti wa Fundi Bomba.

Fundi Bomba mnamjua, na kama hamumjui basi bomba lenu halijawahi kupasuka. Mikono ya dhahabu, koo la mchanga: unamimina, linakunywa, halijai. Alikunywa vifaa vya kazi, akanywa kitanda, akanywa heshima. Mkewe alipofariki, alifika msibani anaimba. Sisemi kwamba alilia kwa sauti. Aliimba, na akaomba watu waitikie. Mama mdogo wa yule binti, mdogo wa marehemu, alimchukua mtoto siku ile ile, na tangu hapo ukimtajia shemeji yake anatema mate kwanza ndipo anakujibu.

Lakini aliacha. Tuseme haki, aliacha kabisa. Mashahidi ni wenye baa wenyewe, maana ndio waliokula hasara. Mwanzoni tuliweka dau kwamba atarudi. Tukachoka kungoja, tukahamia kwenye habari nyingine.

Binti alimfuata kazini, kwenye nyumba moja ya watu, akamkuta amelala chali chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Baba."

Fundi Bomba akainuka kwa haraka, paji likagonga bomba mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna kilichovunjika.

"Naolewa," binti akasema. "Njoo."

"Nije... nije ndani?"

"Ndani. Utakaa meza ya karibu na nguzo. Usiguse hata tone. Tukifika kwenye keki, mshereheshaji atakuita, baba wa bibi harusi, utakuja usimame kulia kwangu. Kuanzia siku hiyo nyumba yangu ni yako. Utakuja kula, utabeba wajukuu, utazeeka mbele ya macho yangu."

"Na nikiteleza?"

"Ukiteleza sina baba. Nitasema pale pale mbele ya watu, ili mtu asije tena kunionea huruma pembeni."

Yeye akaitikia kwa kichwa, maji yanamchuruzika begani naye hana habari. Mwenye nyumba ndiye aliyetuhadithia, na akaongeza kwamba sinki mpaka leo halivuji.

Harusi ikawa ya mchana, ukumbi umejaa mpaka watoto wamepakatwa na watu wasiowajua. Raha tupu! Huku shangazi wa bwana harusi anakagua viatu vya watu, kule majirani wanakadiriana unene. Kope alikuwa juu, kwenye roshani ya ndani, ubavuni mwa ukumbi, lenzi yake imekaa kwenye miguu mitatu. Picha yake ilikuwa inatoka moja kwa moja kwenye skrini kubwa iliyosimamishwa nyuma ya viti vya maharusi. Anachoona yeye ndicho tunachoona wote.

Chini, na kipaza sauti, ni mshereheshaji, mtu mnene mwenye roho nzuri. Yeye na Kope wamefanya kazi pamoja tangu wangali vijana, na walikuwa na lugha yao ya maneno mawili. Akisema "vuta", Kope analeta picha karibu. Akisema "achia", anairudisha mbali, ukumbi wote uonekane. Maneno ya enzi ya lenzi ya mkono: kuvuta ni kuzungusha kwa nguvu, kuachia ni kuilegeza irudi. Walikuwa hawajawahi kukosana.

Mama mdogo alipanda roshani akavuta kiti karibu na Kope, kama mtu aliyekuja kupunga upepo.

"Yule pale kwenye nguzo," alisema. "Unamwona?"

"Mama, mimi napiga maharusi."

"Maharusi hawaendi popote, wameshafungwa. Anayeweza kutoroka na chupa ni yule."

"Anakunywa maji."

"Leo. Sasa hivi. Wewe nani kakupa hii kazi?"

Yeye ndiye aliyempa. Kope akageuza lenzi kidogo.

Fundi Bomba alikuwa amevaa suti ya kuazima, mikono imeishia juu ya kifundo, ameketi wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mbele yake kuna chupa ya maji na kitambaa cha mkononi kilichopigwa pasi. Majirani wa meza yake walikuwa wamehama kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, wakijifanya wanawasalimia watu. Nyuma yake kabisa, ukutani, walikaa marafiki wa bwana harusi, na hao walikuwa wameshaanza bia zamani.

Ikafika zamu ya bibi harusi kushukuru. Akashika kipaza sauti kingine, akamshukuru mama mdogo kwa kumlea, akawashukuru wakwe. Kisha akasema, "Na baba yangu. Yupo. Amekuja."

Basi. Maneno machache hayo. Fundi Bomba akashika kile kitambaa, akakikunja ndani ya ngumi, akaipeleka ngumi mdomoni aizibe sauti isitoke. Wakati huo huo, kule ukutani nyuma yake, kijana mmoja aliinua chupa ya bia akaielekeza mdomoni.

"Vuta," akasema mama mdogo.

Kope akagusa kijiti. Picha ikaanza kutambaa. Mwanzoni skrini ilikuwa na ukumbi mzima: maua, vichwa, nguzo, meza ya vijana kule mbali. Hakuna aliyeitazama, nani anatazama ukumbi wakati amekaa ndani yake? Ikasogea, taratibu, laini kama mafuta. Meza zikapotea pembeni. Nguzo ikapotea. Kijana wa nyuma akajificha nyuma ya bega la suti ya kuazima, akabaki mkono usio na mwenyewe, na mkono nao ukazama nyuma ya sikio. Ilipojaa, skrini ilikuwa na mtu mmoja tu: Fundi Bomba, macho yamefumba, ngumi mdomoni, na juu ya ngumi imechomoza chupa ya bia iliyoinamishwa. Ilikuwa na ukungu kidogo, lakini nani anakagua ukungu? Koo lake likapanda, likashuka. Machozi yakimezwa, koo halisemi linameza nini.

"Heee!" akaanza mmoja.

"Jamani, huyo siyo baba mtu?"

"Ndiye! Anashusha kitu!"

Kicheko kikapanda kutoka meza za mbele kikafika mlangoni. Sisi wa mtaani ndio tulicheka zaidi, maana tulikuwa tumeweka dau.

Mshereheshaji akageuka, akaona, akabadilika uso. "Kope!" akaita kwa kipaza sauti. "Achia! Achia, kaka!"

"Umesikia," mama mdogo akamwambia Kope sikioni. "Achia."

Kope akaondoa kidole gumba kwenye kijiti. Mota ikasimama. Na picha ikaganda pale pale ilipokuwa, uso wa Fundi Bomba umejaa ukuta, kila tundu la ngozi kama shimo la barabara.

"Nimesema achia!"

"Nimeachia!" Kope akapiga kelele kutoka juu, akainua mikono yote miwili hewani watu waone. "Si hii hapa? Nimeachia!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Wako wanaomtetea, wanasema alichanganyikiwa, lenzi ilikuwa mpya. Haya. Mtu aliyetufundisha wote kijiti kile kinafanya nini, mpaka msusi anaweza kukitumia, ndiye asahau?

Fundi Bomba akafumbua macho kwa sababu ya kicheko, akajiona ukutani mkubwa kama nyumba. Akashusha ngumi haraka. Kule nyuma kijana naye alikuwa ameshashusha chupa yake, anacheka na wenzake. Kwa hiyo kwenye skrini mkono ukashuka na chupa ikatoweka.

"Kaificha!" mtu akapaza sauti. "Kaitia kwenye koti!"

Bibi harusi alikuwa ameshashuka jukwaani. Shela linaburuta, kipaza sauti bado kiko mkononi, amekisahau. Watu wakampisha. Kope, mikono ikiwa imerudi kazini, akamfuata naye kwa mota mpaka wakaingia wawili kwenye picha moja, baba na mwana, mashavu yanakaribia kugusana.

"Baba. Pumua."

Sauti ilitoka kwenye spika zote.

"Mwanangu..." Alijaribu kucheka. "Mbele za watu?"

"Hao watu ndio wamekuona. Pumua."

Mtu mzima, fundi wa watu, akafungua kinywa mbele ya ukumbi mzima na akampulizia mwanawe usoni kama mtoto anayezima mshumaa.

Kilichotoka ni mnanaa. Alikuwa na peremende ya mnanaa shavuni tangu alipoingia, kwa sababu kinywa kilimkauka kwa woga. Sasa, zamani zile za chupa, mnanaa ndio uliokuwa mfuniko wake. Alikuwa akirudi nyumbani ananukia mnanaa tupu, anaapa kwa mbingu na ardhi kwamba hajagusa kitu, na mtoto mdogo anasimama mlangoni ananusa. Mtoto huyo hakuwahi kujifunza harufu ya pombe. Alijifunza harufu ya uongo, na ilikuwa hiyo hiyo.

"Mnanaa," akasema bibi harusi.

Wanaojua wakaguna. Wasiojua wakaelezwa na wanaojua.

"Kinywa kilikauka, mama. Nakuapia. Nusa vizuri, nusa tena..."

"Nimenusa utoto wangu wote." Akakigundua kipaza sauti mkononi mwake, akakiinua makusudi. "Ndugu wageni, mimi sina baba. Tuendelee."

Mmoja akapiga makofi. Sitamtaja, yuko hai na ana mdomo. Likafuata la pili, halafu yakaenea kama mvua ya mabati, na waliokuwa hawajui wanapigia nini wakapiga pia, wasionekane wageni.

Fundi Bomba akachukua kitambaa chake, akakikunja vizuri, akaondoka. Akaomba radhi kila meza aliyopita, "samahani, samahani, nipisheni," kama mtu aliyekanyaga miguu ya watu kwenye ibada. Kope akamsindikiza kwa lenzi mpaka mlangoni bila kutikisika hata mara moja. Baadaye wengi walikiri kwamba kwa upande wa ufundi tu, hawajawahi kuona mtu akifukuzwa kwa ulaini namna ile.

Kulia kwa bibi harusi, kwenye keki, alisimama mama mdogo.

Kope alipomaliza kuunganisha picha, alipeleka mkanda, ingawa siku hizi si mkanda, ni kitu kidogo kama kucha, nyumbani kwa maharusi. Nyumba ilifurika. Sebuleni mama mkwe kwenye kochi kubwa, mama mdogo pembeni yake, mawifi sakafuni, sisi majirani tumesimama mpaka mlangoni na vikombe mkononi. Ilipofika ile sehemu, watu walishika mbavu.

"Rudisha! Rudisha pale koo linapanda!"

Bibi harusi alikuwa na rimoti. Akarudisha. Wakacheka tena, mmoja wa mawifi akaigiza lile koo, chai ikamtoka puani.

"Tena! Mama mkwe hakuona vizuri, alikuwa anafuta miwani!"

Akarudisha tena, na safari hii kidole kikakaa sana. Picha ikaenda nyuma mno, mpaka pale ukumbi wote ulipoonekana. Alikuwa karibu na skrini kuliko wote. Aliiona nguzo. Alimwona baba yake, udogo wake kama punje, chupa ya maji mbele yake, kitambaa ngumini. Na mbali nyuma yake, meza nzima na njia ya wahudumu katikati, aliona kijana anainua bia. Kisha mota ikaanza kutambaa, na mbele ya macho yake ule mkono ukatembea, ukatembea, ukaingia nyuma ya sikio la baba yake.

Wengine walikuwa wanampigapiga mgongo yule wifi wa chai. Hakuna aliyetazama.

Akazima. "Umeme unasumbua," alisema, na taa zote zinawaka.

Alimvuta Kope jikoni. Na jikoni nilikuwa nimeenda kuongeza sukari, basi niliyoyasikia niliyasikia.

"Kipande hiki kianzie pale uso umejaa," alisema. "Huko nyuma kote kata."

Kope akatazama vidole vyake. "Kwa hiyo umeona."

"Wewe uliona lini?"

"Wakati naunganisha."

"Na hukusema."

"Nani aliniuliza?"

Bibi harusi akaegemea sinki. "Mama mkwe ananitembeza kwa ndugu zake. Anawaambia, huyu ndiye aliyemkata babake mbele ya watu, huyu hana mchezo. Nikimwita leo, nitasema nini? Nilikosea? Kwa kipaza sauti?" Alifungua bomba, akalifunga, bila kuosha kitu. "Yeye ameshazoea kuwa mlevi. Mimi sijazoea kuwa mjinga. Kata. Na ile asili yake futa."

"Futa kabisa?"

"Mimi naongea na nani?"

Kope akafuta. Kazi ni kazi, alisema, na mteja ni mfalme. Alisema hivyo pale saluni, bila kuulizwa, mara kadhaa.

Fundi Bomba mwenyewe alifika studio siku tulipokuwa tumekaa hapo tunapiga soga. Alikuja na mfuko wa vifaa begani, amejinyoa vizuri. Hakunuka mnanaa wala chochote, labda sabuni. Alitusalimia mmoja mmoja kwa heshima, mpaka tukaona aibu kidogo, tukahamisha macho.

"Kijana wangu," alimwambia Kope, "nimefikiri sana. Meza yangu haikuwa na bia. Kama haikuwa mezani, ilitoka wapi? Naomba unionyeshe ile picha, lakini kuanzia kabla. Nitamwonyesha mwanangu. Ni hilo tu, sina ugomvi na mtu."

"Kabla hakuna, mzee. Inaanzia hapo hapo."

"Si inaanzia mbali halafu inakuja? Nilisikia ni mashine inayokuja yenyewe."

"Inaanzia hapo hapo," Kope akarudia, akaibonyeza.

Uso ukajaa. Macho yamefumba, ngumi mdomoni, chupa imeinama, koo linapanda, linashuka. Fundi Bomba akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Tena," akasema.

Kope akarudia.

"Tena, samahani."

Mtu aliyeishi na chupa miaka mingi amezoea kusimuliwa jana yake na watu wengine. Anaamka, anaambiwa ulitukana, ulianguka, uliimba msibani, naye hakumbuki hata moja, na yote ni kweli. Tukamwona anatafuta ndani ya kichwa chake, kama anavyopapasa ukuta kutafuta bomba linalovuja. Akaondoa miwani.

"Basi kumbe nilikunywa," alisema.

Msusi akafungua mdomo. Kope akamtazama, msusi akaufunga.

"Ajabu, hata ladha siikumbuki. Na mimi nimekuwa nikimwapia. Nimemtumia watu, nimemwapia kwa jina la mama yake." Akakaa kwenye kile kiti cha picha za pasipoti, chini ya taa. "Una namba yake? Yangu haipokei."

Kope akapiga kwa simu yake, akaweka sauti ya nje, akamkabidhi. Ikalia, ikapokelewa.

"Kope? Ulishafuta?"

"Ni mimi, mama," akasema Fundi Bomba. "Usikate. Niko kwa mpiga picha, nimejiona. Ulikuwa na haki. Nilikunywa, mwanangu, na nikakuapia uongo. Sijui ilinijiaje. Naomba unisamehe."

Hakukata. Nyuma yake kule kwenye simu tulisikia watu wengi wanaongea, vikombe vinagongana, mtu anacheka, nyumba imejaa. Tulisikia mlango unafungwa na zile sauti zikabaki upande wa pili. Akapumua. Tulimsikia anavyopumua.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Ila usije."

"Hapana, siji," akasema Fundi Bomba kwa haraka, anaitikia kwa kichwa kama vile anaonekana. "Siji, mama. Ahsante sana. Mungu akubariki kwa moyo huo."